Mkia Kwanza, Kichwa Baadaye

Paukwa!

—Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Paukwa!

—Pakawaaa!

Sasa naam! Hapo zamani za kale, palikuwa na Mama Ngiri na watoto wake watatu. Mkubwa aliitwa Sikudhani, meno yake ya pembeni yalikuwa yameanza kuchomoza. Wa kati aliitwa Tabu. Wa mwisho, miguu mifupi, tumbo mbele, aliitwa Kiduchu.

Mnajua ngiri anavyoingia shimoni? Haingii kama nyinyi mnavyoingia ndani mkisikia harufu ya pilau! Anaingia kinyumenyume. Mkia kwanza, kichwa baadaye, ili meno yabaki mlangoni yakimngoja adui.

Na adui alikuwepo. Fisi! Aliwatamani wale watoto mpaka mate yakamlowesha kifua.

Asubuhi moja Mama Ngiri alikuwa anakwenda kuchimba mizizi. Akawaambia wote watatu, "Fisi akija, ingieni kinyumenyume. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama!"

Fisi huyo, mbio! Tabu kinyumenyume, ndani. Sikudhani kinyumenyume, ndani. Kiduchu je? Akachomeka kichwa shimoni, akafumba macho, matako yote nje!

"Hanioni!" akasema. "Mimi simwoni, basi hanioni!"

Fisi akadaka mkia. Sikudhani akadaka sikio. Vuta huku, vuta kule! Kiduchu akaponea chupuchupu, nywele za mkia zikabaki mdomoni mwa Fisi.

Mama aliporudi, akamchapa. "Wenzio wanaelewa, wewe kichwani umejaza makapi?" Masikini Kiduchu, alilia mpaka akalala.

Siku ya pili, mama akawaachia mizizi mitano. "Kuleni hii. Msitoke."

Fisi naye akaja na mizizi yake mitano. Akaipanga nje ya shimo, mmoja hapa, mmoja kule, mwingine kuleee, mpaka kichakani. Kisha akajificha, akaita, "Tabu! Yangu na yenu, ipi mingi? Njoo tubadilishane!"

Tabu akahesabu ya kwao. Mitano. Akahesabu ya Fisi. Mitano.

"Ya Fisi ni mingi zaidi!" akasema.

"Si umehesabu mwenyewe?" akauliza Sikudhani. "Mitano kwa mitano!"

"Lakini ya kwake inafika kichakani!"

Akachomoka. Akaokota wa kwanza. Akaokota wa pili. Alipoinama kuokota wa tatu, ng'wa! Fisi kamng'ata sikio, likachanika. Bahati yake, Mama Ngiri alikuwa ndiyo anarudi. Fisi kuona meno yale, akatimua mbio.

Mama akainua ufito. Sikudhani akasimama katikati.

"Mama, usimpige. Mimi nilipokuwa kama Kiduchu, sikuficha kichwa?"

Mama akasema, "Ulificha."

"Na nilipokuwa kama Tabu?"

"Ulilia kwamba mizizi yako ni michache. Nikaitandaza tu, ukafurahi."

Ufito ukamponyoka. Aliona aibu, jamani! Watoto watatu, akili tatu, naye alikuwa akiwapa neno moja.

Akaanza upya. Kiduchu, mama akampa mchezo. Wakacheza mpaka jua likazama, wakirudi nyuma na kuimba. Imbeni nami!

—Mkia kwanza, kichwa baadaye!

Tabu naye, mama akampa mizizi aishike kwa mikono yake, wake huu, wa Fisi huu, mmoja kwa mmoja, mpaka kila mzizi ukapata mwenzake. "Kumbe imetoka sawa!" akaruka Tabu. "Hata ukiitandaza, ni ileile!"

"Na wewe, Sikudhani?"

"Mimi niulize swali tu, mama."

"Haya. Fisi akishindwa mlangoni, atafanya nini?"

Sikudhani akafikiri. "Anajua sote tunatazama mlango. Ningekuwa yeye, ningechimba kwa nyuma."

Mama Ngiri mzima, na umri wake wote, hakuwahi kuliwaza hilo!

Siku ya tatu mama akaenda zake kuchimba. Fisi akaja. Kiduchu akaimba, huyooo, mkia kwanza, ndani! Fisi akatandaza mizizi mpaka mtoni. Tabu akacheka, "Mitano ni mitano, mzee!" Hakutoka.

Fisi akapandwa na hasira. Akazunguka nyuma ya shimo, akachimba, akachimba, akachimba. Moyoni anasema, leo nakula matako manono! Akapenyeza pua.

Mle ndani Sikudhani alikuwa ameingia kichwa kwanza, meno yakitazama nyuma, anamsubiri. Akamchoma pua! Uwiii! Fisi alikimbia akipiga chafya za damu, na shimo lile hakulisogelea tena.

Basi, wazazi mlioketi hapa, nawatazama nyinyi. Mtoto mdogo si mjinga, akili yake iko njiani inakuja. Mpe neno la ukubwa wake, wala usimchape kwa sababu hajafika alipo dada yake.

Na mimi ulimi wangu umechoka, naukalisha hapa. Anayetaka kuongeza chumvi, akaongeze kwao!