Ngiri Aliyeapa Kuwa Hana Nyumba

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa mvua.

Inyeshe mashambani, isinyeshe vitandani.

Basi sogeeni. Aliye mlangoni aingie ndani, maana hadithi hii ni ya waliokuwa nje.

Hapo kale, katika Bonde la Mbigili, moto ulipita. Moto wa kiangazi hauna adabu. Hauulizi hiki ni kichaka cha nani wala kile ni kiota cha nani. Ulikula nyasi, ukala vichaka, ukala viota, na uliposhiba ukaacha majivu na wanyama wanatazamana.

Mmoja wao alikuwa Sange. Kwa asiyemjua, Sange ni mnyama mdogo mfano wa panya, ila pua yake ni ndefu na inachezacheza muda wote kama inayotafuta la kusema. Kiota chake kilikuwa cha majani makavu, na majani makavu na moto mnajua wenyewe. Tena alikuwa mjamzito, tumbo la mwisho mwisho. Mwaka uliotangulia alizalia mahali pabaya, mvua ikamkuta, na mtoto hakufika asubuhi. Hilo hakumsimulia mtu. Lakini kila wingu lilipotokea, pua yake iliacha kucheza.

Sasa katika bonde lile aliishi Muhanga, mchimbaji hodari, kucha zake kama majembe. Alipoona majirani wanalala juu ya majivu, akasema atawachimbia mashimo ya kukaa, bure. Akaanza, kwaru, kwaru, kwaru. Lakini ardhi ya kiangazi ni ngumu na Muhanga alikuwa mmoja. Ikabidi watu wangoje. Na wangojao wakiwa wengi, lazima awepo wa kusema nani atangulie.

Wakamchagua Kobe. Walisema Kobe ana nyumba yake mgongoni, hivyo hakuna awezaye kumhonga nyumba.

Kobe akapanda kichuguu, na kupanda kwenyewe kukamchukua asubuhi nzima. Alipofika juu akatangaza utaratibu. Atatangulia asiye na makao na ana watoto wachanga. Atafuata asiye na makao na ana mimba. Atafuata mzee au mgonjwa asiye na makao. Baada yao, asiye na makao lakini ana nguvu zake. Na mwenye makao tayari, huyo hana haja ya kusimama juani, aende akalale.

Wote wakasikia, isipokuwa Ngiri. Ngiri alikuwa dimbwini akigaagaa kwenye tope, pwachu, pwachu, na alipoulizwa mbona hakuja kusikiliza, akajibu kuwa utaratibu ni wa wadogo.

Na kweli Ngiri hakuwa mdogo. Alikuwa na kifua kipana, pembe mbili mdomoni zilizopinda kama mundu, na mashimo mawili. Moja lilikuwa chini ya mgunga, ambamo alilala, akiingia kinyumenyume ili pembe zibaki mlangoni. La pili lilikuwa kando ya kijito kikavu, na humo hakulala mtu. Aliliweka tu, asije akalichoka la kwanza.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima, na Muhanga alikuwa amemaliza shimo moja tu. Shimo zuri, lina sebule na chumba cha ndani. Sange akajua ni la nani. Mbele yake alisimama Mama Nungunungu na pacha wake wachanga, ambao miiba yao ilikuwa bado laini kama nyasi. Wa pili alikuwa yeye Sange. Wa tatu alikuwa Bibi Nguchiro, mzee asiyeona vizuri, aliyekuwa akimshika Sange mkia ili asipotee kwenye foleni.

Sange aliwatazama wale pacha, akalitazama wingu. Kumruka Mama Nungunungu angeweza, akili haikumpungukia. Lakini moyo ulikataa. Akawaza kwamba tatizo si foleni. Tatizo ni mashimo kuwa machache.

Ndipo Ngiri akaja. Tifu, tifu, tifu, vumbi nyuma yake, mkia juu. Alipita mbele ya kila mtu, akasimama mlangoni kwa lile shimo jipya, akachungulia, akasema linamfaa. Kobe akajaribu kusema neno la utaratibu. Ngiri akamgeuzia pembe. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, na utaratibu ukaingia naye.

Sange akajitoa kwenye foleni, akamwachia Bibi Nguchiro nafasi yake amshikie, akamsogelea Ngiri kwa heshima zote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Nakuhurumia tu, mjomba. Ukilichukua kwa pembe, Muhanga atasusa, hatachimba tena. Na la nne utalipata wapi?"

Ngiri hakuwa amefikiria la nne. Akalifikiria, akalipenda.

Sange akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna njia isiyochosha. Kobe anampa kwanza yule asiye na kitu kabisa. Asiye na nyumba, asiye na mke, asiye na mtoto. Anayekana zaidi ndiye anayetangulia. Ila asidai ugonjwa, maana shimo hawampi mtu wa kufa kesho. Aseme ana afya na nguvu tele. Kisha aape mbele ya wote, ili asitokee wa kumpinga.

Ngiri akakuna shingo. "Na mashimo yangu mawili?"

"Yana mdomo, mjomba? Shimo halisemi limemlaza nani."

Ngiri akacheka mpaka pembe zikagongana na jiwe. Akaona huyu mdogo ana akili kidogo, akili ya kumsaidia mkubwa.

Katika bonde lile kiapo kiliapwa kwa dimbwi. Aliyeapa uongo hakukanyaga tena majini wala kwenye tope, na mlinzi wa dimbwi alikuwa Tembo, ambaye hana utani na mtu. Ngiri alilijua hilo. Lakini aliamini shimo halina mdomo.

Akapanda kwenye kichuguu, akamgonga Kobe gambani, ko, ko, atoke asikie.

"Mimi Ngiri, naapa kwa dimbwi, sina nyumba."

Kobe akatoa kichwa. "Tumesikia."

"Mimi Ngiri, naapa kwa dimbwi, sina mke wala mtoto."

"Tumesikia."

"Mimi Ngiri, naapa kwa dimbwi, siumwi popote, nina nguvu tele."

"Tumesikia," akasema Kobe, na safari hii shingo yake ilitoka yote.

Hapo Sange akainua mkono wake mdogo. Hakupaza sauti.

"Mzee Kobe, naomba kuuliza. Lile shimo la chini ya mgunga ni la nani?"

Watu wote wakamgeukia Ngiri. Ngiri akafungua mdomo. Akatazama upande wa dimbwi, ambako Tembo alikuwa amesimama anapepea masikio, pole pole. Ngiri akafunga mdomo.

"Na lile la kando ya kijito?" Sange akauliza tena.

Kobe akangoja kwa muda ambao Kobe peke yake anaweza kungoja. Kisha akasema kwamba mashimo yasiyo na mwenyewe ni ya walio kwenye foleni, kwa utaratibu uleule. Shimo jipya likaenda kwa Mama Nungunungu na pacha wake. La chini ya mgunga likaenda kwa Sange. La kando ya kijito likaenda kwa Bibi Nguchiro, na Sange akampeleka mpaka mlangoni, akampapasisha kuta azijue.

Ngiri akauliza, kwa sauti iliyokuwa imepungua, yeye je. Kobe akamjibu kwa upole kuwa hakusahauliwa. Hana makao, hana mtoto, haumwi, ana nguvu. Watu wa namna hiyo wanafuata baada ya wengine wote. Akamwonyesha mwisho wa foleni, nyuma ya Nyegere.

Jioni ile mvua ikafika. Ndo, ndo, ndo, kisha ikamwagika yote. Sange akajifungua chini ya mgunga, kwenye sakafu kavu ambayo Ngiri aliilainisha kwa mgongo wake miaka mingi. Mtoto alikuwa mmoja, na pua yake ilicheza kabla macho hayajafunguka. Sange akamlaza ubavuni, akasikiliza mvua ikipiga juu bila kuingia. Kule nje akamsikia Ngiri akipiga chafya, chya, akimwuliza Nyegere kama foleni inasogea. Sange akamhurumia. Hakumhurumia sana.

Kulipokucha mtoto alikuwa ananyonya.

Hadithi yangu imefika nyumbani kwake. Ikiwa tamu, gawaneni bila kusukumana. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaitie asali.

Na fundisho lake, msije mkasema sikuwapa: wanangu, msiseme uongo kamwe. Uongo haujengi nyumba. Sange alisema mmoja tu, mdogo, na Ngiri akasema mmoja, mkubwa, na hebu tazameni hasara yake: familia tatu zililala pakavu.