Mchezo wa Nyumba ya Mjomba Fisi

Mwaka ule mto ulikauka hadi tope lake likapasuka. Wazazi wakawa wanatoka alfajiri kutafuta maji mbali, na watoto wakaachwa pangoni kwa Fisi, aliyeiomba kazi hiyo mwenyewe kwa unyenyekevu mkubwa. Kila mama aliacha kibuyu cha maziwa.

Mwezi ulipokwisha, watoto walikuwa wamekonda. Wazazi wakanung'unika. Simba, ambaye hakupenda manung'uniko karibu na kiti chake, akaagiza iandikwe taarifa ya hali ya watoto. Aliyepewa kuiandika ni Fisi.

"Mtukufu," Fisi akasoma huku akijilamba midomo, "wanakula, wanalala, wanacheka. Furaha imezidi matarajio."

"Mbona wamekonda?"

"Mtoto mwenye furaha hukimbia sana, Mtukufu."

Simba akaridhika. Akatangaza kwamba kuanzia kesho watoto watalala huko huko kwa Fisi mpaka mvua inyeshe. Mama Paa, ambaye mwanawe hakuweza tena kusimama bila kuegemea ukuta, akaanza kulia.

"Kabla hujapiga muhuri," Sungura akasema, "watoto wenyewe wamesemaje?"

Simba akacheka. "Sungura, mtoto anajua nini kuhusu hali ya mtoto?"

"Waulizwe tu," Fisi akadakia. Alikwisha kuwafundisha.

Watoto wakapangwa mstari. "Hamjambo?" Simba akauliza.

"Hatujambo! Tumeshiba, tuna furaha, asante Mjomba Fisi!" wakajibu kwa sauti moja, macho chini.

Fisi akainamisha kichwa kama bwana harusi.

"Mmesema vizuri," Sungura akasema. "Sasa nendeni mkacheze. Chezeni nyumba ya Mjomba Fisi."

Hilo Fisi hakuwa amelifundisha.

"Mimi ndiye mjomba," akasema mtoto wa Ngiri.

"Jana ulikuwa wewe!"

"Basi kesho utakuwa wewe." Akakusanya mawe mbele yake yawe vibuyu, akajifanya anakunywa kimoja baada ya kingine, akacheua. "Atakayelia, leo hapati hata maji."

"Mjomba, naumwa," akasema mtoto wa Paa bila kuinuka.

"Cheka kwanza."

Mwana wa Simba, naye mmoja wa watoto wa pangoni, alikuwa amejilaza pembeni, amefumba macho.

"Na wewe ni nani?" Sungura akamuuliza.

"Mimi ni mfalme. Nikiamka mjomba ananisomea karatasi, halafu nalala tena."

Hakuna aliyecheka. Fisi akasema watoto wa siku hizi wamezidi uongo, lakini alikuwa akisema huku anarudi nyuma, na nyuma yake alisimama Nyati, baba wa ndama wawili. Siku hiyo hiyo Fisi akapelekwa kubeba maji, mitungi shingoni, na akina mama wakimfuata kwa karibu.

Simba akaichana taarifa, akamwendea mwanawe.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba. Tumeshiba, tuna furaha, asante..."

"Hayo nimekwisha kuyasikia. Wewe unajisikiaje?"

Mtoto akageuka kwanza kutazama mahali Fisi alipozoea kukaa. Palikuwa patupu.

"Nina njaa, baba," akasema. "Siku nyingi."