Majina Aliyotakiwa Mwosha Maiti

Imepokewa kutoka kwa watu wa zamani, na Allah ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa pembezoni mwa jangwa aliishi mama mchamungu akiitwa Bi Hunaida binti Safwan. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Nanyi mwajua sharti la kazi hiyo: uliloliona mwilini mwa marehemu, au ulilolisikia kwa wafiwa wake, unalisitiri. Ni amana, unaingia nayo kaburini.

Mji ule ulikuwa na hamamu ya wanawake, mali ya serikali. Ukuta wake ukapata ufa. Wanawake wakapeleka habari kwa msimamizi wa majengo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara wakaambiwa, "Tumesikia, rudini majumbani." Alhamisi moja ukuta ukaanguka, ukaua wanawake kumi na mmoja, mmoja wao bibi harusi aliyepelekwa kuogeshwa. Bi Hunaida aliwaosha wote kwa mikono yake.

Haya, niambieni, nani aliulizwa? Hakuna! Msimamizi hakuguswa hata pindo la kanzu. Liwali Mughith akapanda mimbari, akasema ni kadari ya Mungu. Lahaula! Kadari tunaiamini, lakini ni Mungu aliyekuambia uzibe masikio wanawake walipokuja mara tatu? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu bwana hakuziba ufa wala hakujenga ukuta, aliajiri wapelelezi. Fundi mmoja wa kuziba ufa alikosekana, ila watu wa kusikiliza nani analalamika walipatikana arobaini! Wakakaa sokoni, wakakaa msikitini, wakajipenyeza hata matangani kuangalia nani analia kwa sauti kubwa.

Mahali pamoja tu hawakuweza kuingia: chumba cha kuoshea maiti, ambamo mama mfiwa husema lililo moyoni. Ndipo Bi Hunaida akaitwa barazani. Liwali alikuwa juu kwenye kiti chake, na kadhi wa mji, Sheikh Wabisa, pembeni, kimya kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mama," Liwali akasema, "wewe unaingia kila nyumba. Nataka majina ya wanaonishitaki kwa Mungu. Usipoyatoa, hutaosha tena maiti hapa, na mji utauhama."

Alikuwa mjane, umri umekwenda, hana jamaa wala kazi nyingine. Angetaja jina moja tu angelala kwake kwa amani, na mwenye jina angelala gerezani.

Akajibu, "Bwana Liwali, wanaokushitaki nawajua. Mwambie karani aandike."

Karani akachovya kalamu. Bi Hunaida akamtaja Rabab binti Nadhir. Akamtaja Lubaba mke wa mfinyanzi, na bintiye Atika. Akaendelea taratibu. Kwenye jina la tano karani alisimamisha kalamu, kwa kuwa lilikuwa la dada yake, kisha akaliandika. Alipofika la kumi na moja, Liwali akawaka, "Mwanamke we, hawa wote wamekufa!"

"Ndiyo, bwana. Hao ndio wanaokushitaki. Waliobaki huku wanalia tu, na kulia si kosa. Watume watu wako arobaini wakawasikilize waliko."

Hapo kadhi akasimama, machozi yakimtiririka ndevuni. "Mola anisamehe, nimenyamaza sana," akasema. "Shauri hili limekwisha funguliwa. Bwana Liwali, shuka. Katika sheria yetu mshitakiwa hakai juu ya kiti."

Hakushuka. Kadhi aliuzuliwa saa ile ile, na Bi Hunaida akatolewa mjini na kifurushi cha nguo zake. Hakuna jina la mtu aliye hai lililotoka kinywani mwake. Lakini kabla hajavua joho, kadhi alilifungua daftari la mahakama akaandika: Liwali ameitwa mbele ya haki, amekataa kuja.

Ndugu zangu, kila nikikisoma kisa hiki nakasirika upya. Mtu amepewa macho auone ufa, yeye anayatumia kumchungulia mfiwa! Basi na akae kitini mwake, akae sana. Ataitwa mara ya pili, na wito wa siku hiyo haukataliwi.