Sega la Kwanza la Nyamizi

Sogeeni karibu, na mwenye ubishi akae mbele, maana ubishi wake nitauhitaji baadaye. Hii ni habari ya watu wanne wa Isongwa, huko kwenye misitu ya miombo upande wa Sikonge, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Kalunde alijaliwa ulimi usiojua kuficha ukweli. Mihambo alijaliwa mikono, na hakuna ubao uliowahi kumshinda. Bi Tatu aliwajua nyuki kuliko alivyowajua ndugu zake, ingawa masikio yake yalikuwa yamekwisha, na yeye mwenyewe alizungumza kwa kelele hadi mbuzi wa jirani wakashtuka.

Wa nne ni Nyamizi, mke wa Mihambo. Huyu watu walisema hakujaliwa kitu ila machozi.

Nyamizi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine zilipowashwa asubuhi, wenzake walizizoea kabla ya chai. Yeye zilimwingia kichwani zikakaa humo mpaka jioni. Msimamizi akimkaripia mtu kule mwisho wa ukumbi, machozi yaliyotoka yalikuwa ya Nyamizi. Mwenzake akija na huzuni ya nyumbani, Nyamizi aliijua kabla ya salamu, na siku nzima akaibeba pamoja naye. Wakampa jina la Yai. "Msimguse Yai, atapasuka," walisema wakicheka, naye alicheka nao ili asilie. Moyoni aliamini kwamba ameumbwa vibaya.

Kalunde, aliyesimama naye kwenye mashine moja, ndiye aliyemwambia wakati wa kula.

"Shoga, wewe si mgonjwa wala si mdhaifu. Umewekwa pasipo pako. Ukibaki hapa utakwisha."

"Nikiondoka watoto watakula nini? Na nikishindwa huko niendako?"

"Kajaribu. Nafasi yako nitaishika mimi."

Wala hayakuwa maneno matupu. Alimwendea msimamizi, akakubali kuhudumia mashine ile peke yake, kazi ya watu wawili, ili Nyamizi asihesabiwe kuwa ameacha. Msimu mzima Kalunde alirudi nyumbani na pamba kwenye nywele na mgongo usionyooka. Alilalamika sana, tena kwa yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza, lakini hakuiachia ile nafasi. Bila mlango huo wa kurudia, Nyamizi asingethubutu kutoka.

Nyamizi akachagua nyuki. Tangu utotoni, msituni ndipo mahali pekee kichwa chake kilipotulia. Ila nyuki wanataka mizinga, na nyumbani mbao zilizokuwapo ni zile za mninga ambazo Mihambo aliziweka akiba ya kutengenezea kitanda chao. Mihambo alizichukua, akatengeneza mizinga, akaipiga vanishi ndani na nje mpaka ikang'aa.

"Mama Kulwa, humu hata mkuu wa wilaya angehamia," alijisifu.

Nyamizi alisimama mlangoni ameziba pua. "Baba Kulwa, harufu hii inanikaba mimi niliye mbali. Nyuki wataivumilia?"

"Mimi ni fundi. Kazi ya fundi haitoki uchi."

Mizinga ikatundikwa msituni. Nyuki wakaja, wakanusa, wakaenda zao. Mihambo akapanda miti kuiteremsha yote, akaikwangua vanishi kwa randa uani kwake, majirani wakipita na kuuliza kama mkuu wa wilaya ameshahamia. Akaipaka nta, akapanda tena kuitundika. Mume na mke hao walilala mkekani miezi mingi, na Mihambo kitanda hakukitaja hata siku moja.

Bi Tatu alikuwa amewafukuza wanafunzi wengi kwa uvivu wao. Alimkubali Nyamizi, lakini siku ya kwanza alimwelekeza kwa zile kelele zake, na kila neno lilimpiga Nyamizi kama kofi. Mfuniko wa mzinga ukamponyoka, nyuki wakacharuka. Wote wawili wakatoka mbio. Walipofika mbali Nyamizi akakaa chini akalia, kwa sababu aliona amekimbia mashine moja na kuiangukia nyingine.

Bi Tatu akachuchumaa mbele yake. "Ni sauti yangu inayokuumiza?"

Nyamizi akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo Bi Tatu, aliyependa maneno kuliko ugali, alifunga mdomo kila walipoingia msituni. Alifundisha kwa vidole. Alimshika Nyamizi mkono akamwonyesha: inua hapa, moshi kidogo, sasa ngoja. Akifika nyumbani aliongea mpaka koo likakauka, ili kufidia. Kimya kile kilimgharimu, na kila aliyemjua alilishuhudia hilo.

Basi nyuki wakaingia mizingani, wakajenga, na masega yakaanza kujaa. Kisha likaja joto la mwisho wa kiangazi. Asubuhi moja Nyamizi alisimama chini ya mizinga yake, akatega sikio. Mlio ulikuwa umebadilika. Ulikuwa juu kuliko kawaida, wenye haraka, kama nyumba ambamo watu wanafungasha.

Akamshika Bi Tatu bega, akamchorea kwa kidole hewani kwamba nyuki wanataka kuhama. Bi Tatu alitazama mlangoni mwa mzinga, akaona nyuki wanaingia na kutoka kama siku zote.

"Hawana neno," alisema, akikisahau kimya chake. "Hofu zako tu, binti yangu."

Maneno hayo Nyamizi aliyasikia maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa akiyakubali. Siku hiyo aliyakataa. Alikwenda kijitoni akakuta udongo umepasuka, maji hakuna. Akarudi mbio kijijini. Mihambo akaacha mlango wa mteja aliokuwa akiutengeneza, Kalunde akatoka zamu yake akaja vilevile alivyokuwa, na wote wakabeba maji ya kisima cha kijiji kichwani, wakayamimina kwenye mabeseni na kutia vijiti nyuki wasizame, wakafunika mizinga kwa nyasi. Jioni mlio ukashuka. Nyamizi aliusikia ukishuka, akacheka peke yake msituni.

Wiki hiyo wafugaji wengi wa Isongwa walikuta mizinga yao mitupu. Ya Nyamizi ilijaa mpaka asali ikavuja pembeni. Wale waliosema hakujaliwa kitu ila machozi walikuja kumwomba aende akasikilize mizinga yao.

Sasa wafuga nyuki wa Isongwa wana desturi. Sega la kwanza la mfugaji mpya hupelekwa kwa mtu mmoja, yule aliyemvusha mpaka akafika hapo, na jina lake huitwa kila mavuno mpaka mwisho wa maisha. Sega hilo halikatwi, kulikata ni kuwatukana wote. Mfugaji ana ruhusa ya kubaki nalo, ila hajawahi kutokea aliyethubutu, kwa kuogopa kuitwa mchoyo.

Nyamizi akatoka na sega kwenye sinia. Uani wamekaa wale watatu.

"Kama si mimi, ungekuwa bado kule kiwandani," alisema Kalunde.

"Na nyuki wangekaa wapi, kwenye kanga zako?" alijibu Mihambo.

"Mzinga na nyuki bila ujuzi ni jeneza," alisema Bi Tatu, aliyekuwa akiwasoma midomo. Kisha akaongeza, "Lakini na mimi nilisema hawana neno. Angenisikiliza, leo tungekula hewa."

Nyamizi aliwatazama. Kalunde alijifanya anafunga kanga, Mihambo alijifanya anaangalia paa, Bi Tatu hakujifanya. Kila mmoja alilitaka sega lile, na kutaka kwao kote kulimwingia yeye.

Akasimama wima. Akalishika sinia kwa mikono miwili.

"Kuna watakaoumia leo," alisema, "na maumivu yao nitayasikia kuliko wao wenyewe. Hata hivyo nimeamua."

Akapiga hatua.

Nami hapo namwacha. Kuna wanaosema alimpelekea aliyemlindia nafasi, wengine aliyetoa kitanda, wengine aliyejinyima sauti yake. Wapo pia wanaoapa kwamba alikaa chini, akaweka sinia mapajani, akalila mwenyewe. Haya, mbishi wangu wa mbele: sinia lingekuwa mikononi mwako, hatua ile ungeipiga kuelekea kwa nani?