Mizunguko Thelathini na Tatu

Kidole kimoja hakivunji chawa. Usibishe, jaribu. Utamsukuma, utamkimbiza huku na huku, lakini mpaka kidole cha pili kije, chawa ni mzima kama kigingi. Fundi mmoja wa redio hakulijua hilo, ingawa vidole vyake vilikuwa kumi kamili.

Watu walimwita Sina Shida. Ukimwambia nikushikie taa, anasema, "Sina shida." Mama yake alipofariki, dada yake alitaka kubaki naye wiki mbili tatu. "Sina shida, nenda kwako," alimjibu mbele ya watu. Dada akaenda kwake, mtaa wa pili, na hakukanyaga tena pale. Miezi saba nyumba ikawa kimya kama maji ya mtungi. Fundi alipika kwa sufuria ndogo, akala amesimama, akalala.

Siku moja aligundua amesahau sauti ya mama. Uso aliuona, mikono aliiona, lakini sauti, wapi! Akatoa uvunguni santuri ambayo mama aliimba na kwaya ya kiwandani, ubeti mmoja peke yake. Mkanda unaozungusha gramafoni yake ulikuwa umekatika, akaweka mwingine. Kusikiliza, mwendo ni wa mbio mno, mama analia kama kifaranga. Akalegeza skrubu ya mwendo, mama akaburuta maneno kama mlevi.

Sahani inayobeba santuri ilitakiwa izunguke mara thelathini na tatu na kidogo kwa dakika. Fundi akabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ili ahesabu. Tatizo, skrubu ilikuwa tumboni mwa mashine, ikifikiwa kwa tundu la meza tu. Akilala chini ya meza na bisibisi, karatasi haioni. Akiinuka kuhesabu, anakuta amepitiliza. Lala, inuka, lala, inuka. Jumamosi nzima. Na kila akijaribu wimbo, sindano inazidi kuilima santuri, na santuri yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja.

Jumapili akagonga mlango mtaa wa pili.

Dada alifungua, mwiko mkononi. "Ehe! Nani amekufa tena?"

"Hakuna. Nina santuri ya mama. Njoo unihesabie."

"Mimi? Si huwa huna shida wewe?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Leo ninayo, dada. Ninayo tangu siku ile."

Dada alishusha mwiko. Alirudi ndani kuzima jiko.

Walipofika kwa fundi, dada akawa juu na saa, fundi chini na bisibisi.

"Thelathini na sita! Punguza." Wakangoja dakika nyingine. "Thelathini na moja! Umezidisha, una mkono mzito kama baba! Rudisha kidogo." Dakika nyingine ikapita. "Hapo hapo! Usiguse!"

Akashusha sindano. Kwaya ikaimba, ikanyamaza, ubeti wa mama ukaingia. Fundi hakutoka chini ya meza.

"Ndiye?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nimemsahau."

Mama alivuta pumzi, akamalizia neno la mwisho.

"Ndiye," dada alisema. "Toka huko, mdogo wangu. Sogea, na mimi nikae."

Akakaa sakafuni kando yake, wakairudia mara moja tu, wasiichakaze. Vidole kumi vya fundi vilishindwa na skrubu moja, kwa sababu vyote vilikuwa vya mtu mmoja, na kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.