Kengele ya Njia ya Ukutani

Sogeeni karibu, lakini acheni upenyo. Huenda kuna mtu nyuma anataka kupita, na hadithi yenyewe ni ya kupita.

Huku milimani palikuwa na kijiji ambacho watu wake watatu walijulikana kila mmoja kwa jambo lake. Zawena alikuwa na sikio. Alisikia dumuzi akitafuna hindi ghalani kwa jirani, na kwa sababu hiyo alishinda amenuna. Dunia nzima ilimpigia kelele. Mama Singano alikuwa na sauti. Akikuamkia kutoka ng'ambo ya bonde, kuku wako waliitikia kabla yako. Na Hozza, msafirisha kabichi kwa baiskeli, alikuwa na adabu. Alimpisha kila kiumbe.

"Hozza hupisha hata bata!" vijana walimcheka.

"Bata naye ana kwao," aliwajibu.

Kutoka kijijini kwenda sokoni njia ilikuwa moja tu, Njia ya Ukutani. Upande huu mwamba, upande ule korongo, na upana wake haukutosha mtu na baiskeli yenye mzigo kwa pamoja. Mwambani palikuwa na kijipango cha mtu mmoja kujibanza. Basi desturi ikawa hivi: mwenye baiskeli akifika kona ya juu husimama, hupiga kengele. Mtembea kwa miguu huingia pangoni, kisha huitikia, "Nipo!" Maana yake: nimekaa kando, pita. Watoto walifundishwa neno hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Siku moja Mkasha, binti wa fundi chuma Shekiondo, alikuwa akipanda kutoka sokoni. Karibu na pango jiwe likacheza, mguu ukazama kati ya mawe mawili, yakamkaba kifundoni. Akavuta. Akauzungusha. Akajaribu kuuchomoa kiatuni. Kiatu kikalegea, mguu ukabaki. Hapo kengele ikalia konani.

Mdomo wake, kabla ya akili, ukaitikia: "Nipo!"

Alilisikia neno lake likipanda mlimani, asiweze kulirudisha. Alipofungua mdomo kupaza sauti tena, alikuwa amechelewa. Tiki-tiki-tiki: gurudumu likaachiliwa.

Zawena alikuwa akipalilia ng'ambo ya korongo, mahali ambapo migomba iliziba njia isionekane. Kando yake alikuwa Mama Singano, na walikuwa hawasemeshani tangu asubuhi, kwa kuwa Zawena alimtaka apunguze sauti. Ile "Nipo" ilimshtua Zawena. Sauti itokayo pangoni huwa na mwangwi. Hii haikuwa nao. Mtu yuko njiani, na kengele ile ni ya Hozza! Lakini sauti ya Zawena ilikuwa nyembamba kama uzi, isingevuka hata tuta.

"Mama Singano, piga kelele!"

"Mimi? Si umeniambia nifunge bakuli?"

"Mama, nakuomba! Kuna mtu katikati ya njia, na Hozza anashuka!"

Mama Singano akatupa jembe, akajaza kifua. "Hozzaaa! Hayupooo! Hayupo kandooo!" Ng'ombe wakaacha kula. Hozza akasikia.

Kusikia si kusimama. Breki zake zilikwisha zamani. Alizoea kubana gurudumu kwa kandambili, na kwenye mteremko ule kandambili ikakatika. Mbele Mkasha, kushoto korongo, kulia mwamba. Hapakuwa na pa kumpisha mtu. Hozza akapisha hivyo hivyo: akajilaza mwambani yeye na baiskeli, mkono ukavunjika, kabichi zikaporomokea korongoni. Moja ilibingirika hadi gotini kwa Mkasha, ikatulia.

Mkasha aliponasuliwa, Shekiondo akafua kengele ya shaba. "Aliyemwokoa mwanangu ni yake," alisema. "Mwenye kengele hii hatampisha mtu njia ile maisha yake yote. Atapishwa." Kijiji kikakubali.

"Si ufue tatu?" wakamwuliza.

"Wasiopisha wawili wakikutana pale, mmoja atalala korongoni. Ni moja, na haiazimwi." Kisha akamkabidhi Mkasha. "Mguu ulikuwa wako. Amua wewe."

"Bila sikio langu nani angejua?" alisema Zawena. "Na mimi kengele zenu hunipasua kichwa nikiwa nimebanwa mle pangoni."

"Kujua kwako kungebaki shambani na magugu," alisema Mama Singano. "Mimi hungojea mabaiskeli na ndoo kichwani, shingo ikiniwaka moto."

Kisha wote wawili wakamgeukia Hozza. "Na wewe ndiye uliyekuwa hatari yenyewe!"

"Kweli," alisema Hozza. "Lakini kelele haikuisimamisha baiskeli. Na mkono huu hautashika tena usukani kama zamani. Nitawezaje kusimama-simama mteremkoni kuwapisha watu?"

Asubuhi Mkasha alitoka na kengele, ameubana ulimi wa kengele hiyo kwa kidole isilie. Alipofika kwenye mawe yale yale, akasimama. Chini alikuwa Zawena. Juu, Hozza na mkono uliofungwa. Pangoni, Mama Singano. Mmoja akipewa, wawili waliokosa Mkasha atakutana nao hapo kila siku, bega kwa bega, korongo likiwa ubavuni.

Nao, kwa adabu zao zote, wakaitikia bila kuitwa:

"Nipo."

"Nipo."

"Nipooo!"

Kila mmoja amesema amekaa kando, lakini pango ni la mtu mmoja, na njia nyingine haipo. Mkasha yuko pale mpaka sasa, kidole kimekufa ganzi, nami sijui kumtoa. Ninyi mliokaa kimya mkisikiliza, mngempa nani kengele, ili Mkasha apite?