Kwa Nini Guru wa Kilangwa Ana Kinywa Wazi

Bisha. Nimekuruhusu, bisha tangu sasa, maana najua utabisha. Wameshakaa hapo ulipokaa watu wenye shahada tatu tatu, wamekunja mikono kama wewe, wakaniambia, "Kijana, hizo ni ngano." Wote waliondoka hapa wakitembea polepole kuliko walivyokuja. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na mwalimu wangu wa hesabu mpaka leo ananishukuru, lakini mambo ya hekalu hili hakuna anayenishinda. Hata kuhani mwenyewe akiulizwa na wageni hunyoosha kidole kwangu. Kwa hiyo wewe mwenye kofia, na mwenzako anayepiga picha kabla hajavua viatu, kaeni mtulie. Mtabisha baadaye.

Itazameni ile sanamu. Zungukeni mahekalu yote mtakayo, mtakuta wenye hekima wamechongwa wamefumba macho, midomo imetulia kama ya mtu aliyeshiba. Huyu wetu macho yamemtoka, shingo imepinda kuelekea uani, na kinywa kiko wazi kiasi kwamba njiwa akikosa pa kutaga anaweza kuhamia humo. Wageni husema fundi alikosea. Mmoja alisema Guru alikuwa akiimba, akaandika kabisa kwenye daftari lake. Nilimcheka mpaka akanuna. Guru hakuwa akiimba.

Zamani, reli ilipokuwa bado ngeni Kilangwa, kinywa cha Guru Devshankar ndicho kilichokuwa kimefungwa kuliko vinywa vyote vya mji. Alishuka kwenye treni na mfuko mmoja na viatu vya mti, na Wahindi wenye maduka wakampokea kama mvua, kwa kuwa sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Alikuwa mwanafalsafa; neno refu hilo nimelijulia hapa hapa, maana yake ni mtu anayefikiri mpaka wengine wanamjengea nyumba. Wakamjengea hekalu hili, juu ya mwamba huu mkavu, mbali na soko na mbali na mto, kwa sababu alitaka mahali pasipo na kelele.

Watu wengine hufunga kula. Guru alifundisha kufunga maneno. Kila Jumatatu, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, hakuna aliyesema neno ndani ya ua huu. Kengele ya mlangoni ilivishwa nguo. Kesarben, mjane aliyepika hapa, aliweka kitambaa kati ya sufuria na kifuniko ili visigongane. Watoto wachanga walipelekwa kwa majirani. Wazee wetu walicheka mwanzoni, halafu wakazoea, na hata muuza mkaa akija Jumatatu aliuza kwa vidole.

Lakini kufunga maneno ndiyo ilikuwa nusu nyepesi ya mafundisho. Nusu nzito ilikuwa hii. Guru aliwaambia wafuasi wake kwamba mtu akikaa kimya vya kutosha, ataanza kusikia sauti ikimwita. Itakuwa sauti ya kweli kabisa, itamwita kwa huruma, itaomba, itasihi. "Msiijibu," alisema. "Hiyo ni nafsi yako inayotaka kurudi kwenye mazungumzo. Atakayeisikia asiijibu, huyo amevuka." Basi wenye maduka wakawa wanakaa ukumbini kila Jumatatu wamefumba macho, wakitega masikio. Miaka sita walikaa. Wengine walikuwa wameanza kuona aibu, kwa kuwa hakuna sauti yoyote iliyowahi kuwaita.

Mwaka wa saba wakaamua kuchimba kisima. Maji yalipandishwa kwa punda kutoka mtoni, na sikukuu kubwa ya Guru ilikuwa inakaribia, yenye wageni wa kutoka miji mingi. Wakamwita Mhando, mchimbaji ambaye hakuwa na mpinzani, mtu mfupi mwenye mabega kama mlango na maneno yasiyokwisha. Chini anachimba Mhando, juu anavuta kamba mwenzake, Semkiwa. Hivyo ndivyo kazi ya kisima ilivyo: wa chini haoni kitu ila duara la mbingu, na maisha yake yamo katika sauti yake. Akiita "vuta," unavuta ndoo. Akiita "nivute," unaacha yote unamvuta yeye.

Jumatatu walikuwa wakipumzika. Lakini zikiwa zimebaki siku tisa, maji hayajaonekana, Jivraj muuza nguo, aliyekuwa mkubwa wa kamati, akawafuata akawaomba wafanye kazi Jumatatu pia, ila kimya kimya. Akafikiri mwenyewe jinsi watakavyofanya, akajiona hodari sana. Mhando asiite. Atikise kamba mara moja kwa ndoo, mara mbili kwa kuvutwa yeye.

Mhando akapangusa udongo mikononi. "Bwana Jivraj," akasema, "na kisima nacho kimefunga?"

Watu walicheka, na Jivraj akacheka, na kazi ikakubaliwa. Mke wa Mhando, Bi Chausiku, hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na alimwambia mumewe pale pale kwamba kamba haina mdomo. Mhando akamwambia siku tisa si nyingi.

Jumatatu ikafika. Guru aliketi mbele, pale pale ilipo sanamu sasa, na nyuma yake waliketi watu kama hamsini. Mhando alishuka asubuhi. Juu ya kisima, siku hiyo, hapakuwa na mtu kwa muda mrefu, kwa kuwa Semkiwa alikuwa ametumwa kituoni kuchukua mbao za kuzuia kuta, na mbao zikachelewa.

Kama saa nne hivi, ukuta wa upande mmoja ulimeguka. Haukuanguka wote, laiti ungeanguka wote. Ulimwaga mchanga ukamfunika Mhando mpaka magotini, ukamshika kama saruji. Akatikisa kamba mara mbili. Akatikisa tena mara mbili. Kamba ikacheza huko juu bila mkono wa kuishika, na mchanga ukawa unaendelea kushuka kidogo kidogo, kama unga kutoka kwenye chekecheke.

Hapo Mhando akafungua kinywa.

Sauti ilipanda kisimani, ikavuka ua, ikaingia ukumbini kupitia mlango ule mnaouona. Ilifika kama sauti isiyo na mwenyewe, inayotoka kila upande. "Nivuteni," ilisema. "Jamani, nivuteni."

Watu hamsini walisikia, na hakuna aliyefumbua macho. Jivraj aliisikia, moyo wake ukaruka kwa furaha: miaka sita alikuwa akiingoja sauti hiyo, na sasa imekuja, inamvuta arudi dukani kwenye makelele. Akakaza mgongo. Kesarben aliisikia akiwa jikoni, akadhani ni marehemu mumewe, machozi yakamtoka, akashikilia mwiko wake asijibu. Mzee mmoja muuza mchele aliisikia akatabasamu. Kila mmoja alijua kwamba ni yeye peke yake aliyeitwa, na kila mmoja alimhurumia jirani yake aliyekaa kimya vile bila kusikia chochote. Na Guru aliisikia kuliko wote, kwa sababu alikuwa na masikio mazuri, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoijibu.

Iliita mpaka saa nane. Mwishoni haikuwa na maneno. Halafu ikakoma, na ukumbini watu wakashusha pumzi, kila mmoja kwa siri, wakijua wamevuka.

Jua likazama. Kengele ikavuliwa nguo, ikapigwa, na vinywa vikafunguliwa. Jivraj hakuweza kujizuia. Alimshika mzee wa mchele mkono, akamwambia kwamba leo, hatimaye, ameitwa. Mzee akamkumbatia, akasema yeye pia ameitwa. Mwingine akasema hata mimi, na mwingine, na furaha ikazunguka ukumbi mzima kama harusini. Wakaenda kumwamkia Guru, na mmoja wao, kwa furaha tu, akamuuliza Jivraj sauti yake ilisemaje.

"Ilisema nivuteni," akasema Jivraj.

Mzee wa mchele akauachia mkono wake. Akasema yake pia ilisema hivyo. Kesarben alikuwa mlangoni na sinia. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yake ilisema jamani, nivuteni.

Mnacheka? Hamcheki. Hata mimi hapa huwa sicheki, na mimi hucheka msibani.

Walikimbia. Wenye maduka waliruka na nguo zao nyeupe, wakashuka kwa kamba na kwa ngazi, wakachimba kwa masufuria na kwa mikono. Giza lilipoingia walimfikia. Alikuwa amesimama wima, uso ameuelekeza juu kwenye lile duara la mbingu, na mchanga ulikuwa umefika mdomoni na kuujaza. Ukutani, usawa wa magoti, kiuno, kifua, palikuwa na alama za kucha. Mtu yeyote angeweza kusoma pale, hata asiyejua kusoma, ni saa ngapi walizokuwa nazo za kumtoa.

Bi Chausiku alikuwa amekuja kumpokea mumewe na akamkuta amelazwa uani. Alikaa chini akamtoa mchanga mdomoni kwa kidole, taratibu, kama anayemsafisha mtoto. Alipomaliza akainuka, akamwendea Guru, na watu wakampisha.

"Mwalimu, ulimsikia?"

Guru angeweza kusema hapana. Falsafa yake yote ilikuwa pale kumsaidia. Akasema, "Nilimsikia."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza. Nikafurahi."

Bi Chausiku akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia. "Alikuita mchana kutwa," akasema. "Sasa mwite wewe."

Guru akaenda ukingoni mwa kisima. Mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti, mtu aliyeongea kama anayehesabu shanga, akainama akaita, "Mhando." Kisima kikamrudishia. Akaita tena. Walimsubiri achoke, hakuchoka. Walimzika Mhando kesho yake, Guru yuko kisimani anaita. Wageni wa sikukuu wakaja, wakamkuta anaita, wakarudi kwenye treni zao. Sauti ilipokatika aliendelea kuita bila sauti, na kinywa chake hakikufungika tena, si kwa kula, si kwa kulala. Alikufa wiki ya tatu. Walijaribu kumfunga taya kwa kitambaa, kinywa kikafunguka, wakakaza, kikafunguka. Wakamchoma hivyo hivyo.

Fundi wa sanamu alipoletwa, kamati ilimwambia amchonge kama wenye hekima wanavyochongwa, na Jivraj, ambaye nywele zake ziligeuka nyeupe ndani ya mwezi mmoja, akasimama akasema hapana. Akasema mtu huyu alifundisha miaka sita akiwa amefunga kinywa, akakosea, na akafundisha wiki tatu akiwa amekifungua, akapatia. Mchonge alivyokufa.

Na tangu siku hiyo, Guru wa Kilangwa ana kinywa wazi na shingo iliyopinda kuelekea kisimani. Na tangu siku hiyo, hakuna mtu anayekaa kimya ndani ya ukumbi huu mpaka kwanza awepo mtu mmoja mlangoni ambaye hafumbi macho, hasali, hafungi maneno. Kazi yake ni kuitika. Yeyote atakayeita, kutoka upande wowote, kwa sababu yoyote, mtu huyo anasema "Naam, nakuja," na anakwenda kweli, kwa miguu yake, akatazame. Chizi wa sokoni hupita hapa akaita mara kumi kwa siku, na mara kumi mtu anakwenda. Mtu mwenyewe ni mimi. Kabla yangu alikuwa baba, na kabla yake babu. Kuhani wanaweza kumbadilisha, sisi hawawezi.

Haya, vaeni viatu. Au ngojeni, msivae. Kuna mahali nimewaruka, na huwa naparuka kwa wageni wote, na leo sijui kwa nini nashindwa.

Semkiwa hakutumwa mbao. Mbao zilikuwa zimefika tangu Jumamosi, zimeegemezwa ukutani. Semkiwa ni baba yake babu yangu, na mimi nimepewa jina lake. Jumatatu ile jua lilikuwa kali, ukumbini mna kivuli, na Kesarben alikuwa anapitisha maziwa yenye iliki kwa waliokaa. Aliiacha kamba. Akaingia, akaketi nyuma kabisa, penye nguzo ya mwisho, akijiambia ni dakika chache.

Na akasikia. Yeye hakuwa na mafundisho ya kumchanganya, hakuwa anangoja nafsi wala marehemu. Walikuwa wamechimba visima kumi na moja pamoja. Aliijua sauti ya Mhando kama anavyojua mlango wa kwake. Aliinuka nusu. Akawatazama wale watu hamsini, wenye maduka na vitabu, na Guru wao mbele, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Akaona haya. Akaketi tena.

Alimwambia mwanawe neno hilo siku anakufa, na mwanawe akamwambia baba, na baba akaniambia mimi asubuhi niliyoacha shule kuja kukaa mlangoni hapa. Semkiwa alisema: nilikuwa nangoja wenye kujua wainuke kwanza.